TAHARIRI: TUACHE KURINA MAJANA



Mwezi Juni tulirina asali tukafurahi. Sasa tumezunguka shamba letu la nyuki na furaha imekwisha. Katika mizinga 12 ya ushirika, mitano ni mitupu. Ndani mna nondo, buibui na masega meusi basi. Tena pipa moja la asali limerudishwa na mnunuzi kwa sababu lilikuwa limeanza kuchacha.

Maneno yamekuwa mengi. Mmoja anasema ukame, mwingine eti mkono wa mtu. Jamani, tusitafute mchawi. Tuliomaliza nyuki ni sisi wenyewe, na sisi viongozi tulikuwamo, maana siku ile tulitaka pipa lijae upesi. Tulikata kila sega tulilolifikia, la asali na la majana, tukakamua pamoja. Maji ya majana, pamoja na asali mbichi ambayo nyuki hawajaifunika kwa nta, ndiyo yaliyoichachusha.

Majana ni watoto wa nyuki. Malkia hutaga yai, na baada ya siku tatu linaanguliwa. Tangu yai mpaka kibarua kutoka katika kitundu chake ni kama siku 20. Kibarua huyo, wakati wa kazi nyingi, huishi wiki chache tu. Ukikata majana yote leo, wazee wanakufa na vijana wa kushika kazi hawapo.

Liko na jambo kubwa zaidi. Malkia akifa kwa moto au kisu chetu, nyuki wanaweza kulea mwingine. Wanachagua majana machanga, yasiyozidi siku tatu tangu kuanguliwa, wanayalisha maziwa ya nyuki mpaka mwisho na kuyajengea vyumba vinavyoning'inia mfano wa ganda la karanga. Malkia mpya hutoka kama siku ya 16 tangu yai. Lakini kama majana tumeyala, watamlea nani? Vibarua wakianza kutaga wenyewe huzaa madume matupu, na dume haleti chakula nyumbani. Mzinga unakwisha.

Basi tushike haya:

1. Mwenge wa moto tuuache. Tutumie bomba la moshi. Nyuki afukuzwe kwa moshi, asiunguzwe.

2. Katika mzinga wa gogo, majana kwa kawaida yako karibu na mlango, asali iko nyuma. Tuanzie nyuma. Ukiona sega lenye majana, simama hapo hapo, funga mzinga. Na asali kidogo iachwe, ni chakula chao.

3. Tutazame afya ya majana. Jana zima ni jeupe, linang'aa, limejikunja kama herufi C, ile tuliyoanza nayo kuandika "chama" darasani. Vifuniko vyake ni vya kahawia, vimeinuka kidogo na vimeshikana pamoja. Ukiona vifuniko vimebonyea au vimetoboka, majana yamegeuka rangi, au kuna harufu ya kuoza, usihamishe sega wala usiazime kisu. Funga mzinga, osha mikono na vifaa, umwite afisa nyuki.

4. Sega kuukuu lisitupwe chini ya mzinga. Linaita nondo na siafu.

Na ile mizinga mitano? Haitajazwa kwa kungoja tu. Wakati wa maua mengi, madume yakiwa yameonekana, tutagawa makundi yenye nguvu katika mizinga ya mbao, ile yenye vibao vya juu vinavyoshika masega. Jioni, kwa moshi, tutatoa masega mawili au matatu yenye mayai na majana machanga, na nyuki wake, pamoja na sega la asali, tuyatie katika mzinga mpya. Tuhakikishe malkia amebaki kwake. Tukung'ute na nyuki wengine zaidi humo, kwa kuwa wakubwa watarudi walikotoka. Halafu tusiufungue ovyo. Malkia mpya akishatoka lazima aruke nje kukutana na madume, ndipo arudi kutaga. Baada ya kama mwezi mmoja tutazame: tukiona mayai, kundi limesimama. Tukikosa, tuwape tena sega lenye mayai.

Tunajua wako watakaonung'unika kwamba ndoo haitajaa kama zamani. Ni kweli, msimu mmoja haitajaa. Lakini ndoo pungufu yenye asali safi inauzika, na mzinga wenye nyuki utarinwa tena mwakani. Pipa lililorudi limetulipa nini?

Jumamosi saa kumi jioni tukutane shamba la nyuki, kila mwenye mzinga, mzee kwa kijana. Anayejua kusoma amsomee jirani ambaye bado. Hatutamwuliza mtu nani alikata nini mwezi Juni. Tutaulizana nani ataacha majana safari hii.

Katibu