Chuo Kikuu Kilichomgeuka Mwanzilishi Wake

SAFU YA MAONI
Na Salma Makame

Serikali inayoanzisha chuo kikuu ili ijipatie raia watiifu hujidanganya, na ushahidi wa jambo hilo upo Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, katika chuo kikuu kinachoitwa leo kwa jina la mshairi Taras Shevchenko. Kilifunguliwa mwaka 1834 kwa amri ya Nikolai I, Tsar, yaani mfalme mkuu, wa Urusi, ambaye baada ya kuzima uasi wa Wapoland wa mwaka 1830 aliifunga shule yao mashuhuri ya Kremenets na kuihamishia Kyiv maktaba yake, akikusudia elimu ya Kipoland ififie na ya Kirusi itawale.

Hata hivyo, mkuu wa kwanza wa chuo, Mykhailo Maksymovych, bingwa wa elimu ya mimea, alikuwa amekwisha kuchapisha mkusanyo wa nyimbo za jadi za Kiukraine; naye Mykola Kostomarov, mwalimu wa historia, alishiriki katika Udugu wa Cyril na Methodius, chama cha siri kilichotaka wakulima waliokuwa mali ya makabaila waachwe huru na mataifa ya Kislavoni yaungane kwa usawa. Shevchenko, ambaye mwenyewe alizaliwa katika utumwa huo, alikuwa ameteuliwa kufundisha uchoraji chuoni alipokamatwa mwaka 1847, akapelekwa uhamishoni kama askari na kupigwa marufuku kuandika na kuchora.

Jengo kuu, lililosanifiwa na Vincent Beretti, lina kuta nyekundu na nguzo zenye vichwa na vitako vyeusi, rangi za utepe wa Nishani ya Mtakatifu Vladimir. Masimulizi kwamba Nikolai II aliamuru lipakwe rangi ya damu ili kuwaadhibu wanafunzi waliokataa jeshi ni matamu, lakini si kweli. Wasovieti walikivunja chuo mwaka 1920, wakakirudisha mwaka 1933, na mwaka 1939 wakasimamisha sanamu ya Shevchenko mkabala na jengo hilo, pale pale ilipokuwa ya Nikolai I.

Mwaka 1994 Ukraine huru ilikipa hadhi ya chuo kikuu cha kitaifa, yenye mamlaka mapana ya kujiendesha. Uhuru huo haupaswi kupunguzwa na serikali yoyote ya Kyiv, hata kwa kisingizio cha vita.