Msitoke Sebuleni



Mwaka 1994 ilitoka filamu ya New Zealand iitwayo Once Were Warriors, iliyoongozwa na Lee Tamahori kutokana na riwaya ya Alan Duff ya mwaka 1990. Mmoja wa wahusika wakuu, Jake Heke, ni Mmaori, yaani wa wenyeji asilia wa nchi hiyo, anayeishi na mkewe Beth na watoto wao katika mtaa wa watu wa hali ya chini jijini Auckland. Ni mtu wa watu huyu Jake: mcheshi, fundi wa kuimba, kipenzi cha baa nzima. Usiku mmoja analeta marafiki nyumbani. Rafiki mmoja anataka kukaangiwa mayai, Beth anakataa, na Jake anampiga hadi uso wake hautambuliki. Wageni nao wanachukua makoti yao na kujiondokea.

Leo nataka tuzungumze juu ya hao wageni. Jake ameandikwa sana, wao hawajaandikwa, na nina hakika kila mtaa unao.

Kwanza tuondoe uongo mmoja, kwamba Wamaori ndivyo walivyo. Wamisionari na mabaharia wa Kizungu waliofika huko mwanzoni mwa karne ya 19 waliandika kwa mshangao jinsi baba wa Kimaori walivyowabeba na kuwadekeza watoto, na jinsi walivyokuwa wagumu wa kuwachapa. Yaliyobadilika ni mengi. Ardhi ilichukuliwa. Shuleni watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha yao. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kama robo tatu ya Wamaori waliishi vijijini. Miaka 30 baadaye robo tatu walikuwa mijini, wakifuata kazi za viwandani na za bandarini. Serikali nayo ilikusudia kuwatawanya, familia moja hapa, nyingine kule, katikati ya majirani Wazungu. Hivyo mzee ambaye kijijini angemkalisha Jake chini na kumsema akabaki mbali sana.

Watoto wengi walichukuliwa wakalelewa kwenye taasisi. Mwaka 2024 Tume ya Kifalme ya uchunguzi ilikadiria kwamba watu wapatao 200,000 walinyanyaswa katika malezi ya serikali na ya taasisi za dini kati ya 1950 na 2019, na Wamaori walikuwa wengi kupita kiasi miongoni mwao. Novemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Christopher Luxon aliomba radhi bungeni. Baadhi ya wavulana wa taasisi hizo waliishia kwenye magenge, na wengine ndio baba wa leo.

Haya yote yanaeleza mkono wa Jake ulikotoka. Hayamfuti Beth damu usoni.

Katika filamu ya pili, ya mwaka 1999, Jake hana tena mke wala nyumba. Mwanawe Nig anauawa katika ugomvi wa magenge, na mdogo wake Sonny anataka kulipiza kisasi. Hapo ndipo baba anapoanza kutafuta njia ya kurudi kwenye ubaba. Ninachokipenda ni kwamba hasamehewi kwa machozi. Inambidi afanye kitu kwa ajili ya mtoto, bila ahadi ya kurudiwa na mke. Mimi machozi ya mpigaji hayanitishi: huja Jumapili na khanga mpya, na Ijumaa ngumi zinarudi.

Nje ya sinema yuko kinyozi wa Christchurch, Matt Brown, mwenye asili ya Samoa, aliyekulia katika nyumba ya vipigo. Wanaume walipokuwa wakinyolewa walianza kumweleza mambo ambayo hawajamwambia mtu, naye akawaeleza ya kwake. Yeye na mkewe Sarah wakaanzisha harakati waliyoiita She Is Not Your Rehab. Ujumbe wake ni kwamba mwanamke si hospitali ya mwanamume kujitibia majeraha ya utotoni. Akatibiwe na wanaume wenzake na wataalamu.

Basi, wanaume wenzangu wa vijiwe vya kahawa, wa bao na wa saluni za kunyolea, ombi langu ni hili. Ukisikia kishindo ukutani, gonga mlango, hata kwa kisingizio cha kuomba chumvi, ukiwa na mwenzako. Ukiona hatari, piga simu: 116 kwa watoto, Kenya na Tanzania, 1195 kwa Kenya, au nenda dawati la jinsia la polisi. Kesho yake usimtanie rafiki yako kana kwamba hakikutokea kitu. Mwambie umesikia.

Kina mama, mashangazi na wazee wa ukoo, msimrudishe binti kwa neno "vumilia". New Zealand, tangu sheria ya mwaka 1989, ndugu hukutanishwa kuamua usalama wa mtoto. Sisi vikao tunavyo tangu zamani, ila vingi huitishwa kuficha aibu. Safari hii aliyepigwa achague nani akae na nani asiitwe, na kama hataki kikao kabisa, basi hakuna kikao.

Na wewe uliyepiga, unayesoma huku unageuza ukurasa haraka: leo jioni mtafute mwanamume mzima asiyekuogopa. Mwambie ulichofanya, kofi uliite kofi, bila "alinikasirisha". Mwombe akuulize kila wiki. Kisha, kupitia mtu ambaye mkeo anamwamini, uulize anataka ulale wapi kuanzia usiku huu, na ulale huko.