Tumechoka na kombe la siku moja

Tarehe 20 Juni inakuja tena na sisi tunajua kitakachotokea. Gari litafika kiwanjani hapa Rubona saa tatu asubuhi, litashusha mipira, fulana za rangi mbili na bango refu lenye neno AMANI. Tutagawanywa timu nane, dakika kumi na tano kila kipindi. Picha zitapigwa kabla hatujaanza kutoka jasho, juu ya mwangaza mzuri. Soda moja kwa kila mchezaji. Saa kumi mipira inahesabiwa na kurudi garini, fulana pia. Mwaka jana mwenzetu mmoja alisahau kuvua yake, akafuatwa mpaka nyumbani.

Wengine watasema hatuna shukrani. Soda tulikunywa, asante sana. Lakini tulimuuliza kijana aliyefunga mabao manne siku ile: tangu hapo umecheza mechi ngapi zenye refa? Akacheka tu.

Tunachosema ni hiki, na tunawaambia ndugu zetu wa mashirika bila kuzunguka: pesa ya siku moja ile ingetosha ligi ya miezi. Tunataka ligi, na tunataka tuiendeshe wenyewe. Kuna watu walishafanya hivyo na hawako mbali.

Nairobi kuna bonde linaitwa Mathare, nyumba za mabati zimebanana, takataka haizolewi, mitaro imeziba, watoto wanaugua. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi za mazingira na Umoja wa Mataifa, alianzisha na vijana wa huko chama cha michezo kinachojulikana kama MYSA. (Ndiyo, mzungu. Tutarudi hapo.) Watoto wa Mathare hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kupenda mpira. Walikuwa wanacheza na mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kamba, ule ule ambao tunausokota hapa. Kilichokuja kipya ni ratiba, jedwali na refa. Na sharti moja: ukitoa kitu unapata kitu, ukikaa bure unabaki bure.

Sharti hilo lilikuwa na maana gani? Timu ilikwenda kuzoa takataka na kuzibua mitaro, na pointi za kazi hiyo ziliingia kwenye jedwali la ligi pamoja na pointi za mechi. Someni tena hapo. Timu yenye washambuliaji wakali lakini wavivu wa koleo inaweza kupitwa na timu ya kawaida yenye bidii. Sisi tunaoishi Rwanda tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa hesabu hiyo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya umuganda, na hata uwanja mkubwa wa hapa Rubavu, ule wa Etincelles na Marines, uliochezewa CHAN mwaka 2016, unaitwa Umuganda. Jina tunalo, koleo tunazo. Jedwali ndilo hatuna.

Mwaka 1994 vijana waliokulia kwenye ligi hiyo walipata klabu yao ya wakubwa, Mathare United. Ilikuwa timu ya madaraja ya chini, ya watoto wa mabandani, na hakuna aliyeihofia. Mwaka 1998, ikiwa bado haijapanda ligi kuu, ikachukua Kombe la Moi. Timu ya daraja la pili! Mwaka uliofuata ilikuwa ligi kuu, mwaka 2000 ikachukua kombe lile tena, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya ikiwa na kocha Francis Kimanzi. Dennis Oliech, ambaye baba zetu walimuona kwenye televisheni akicheza Ufaransa, alipita pale.

Alafu ikaanguka. Miaka ya karibuni Mathare United ilishuka daraja, ikarudi kucheza viwanja ambavyo kamera haziendi, na mwaka 2024 ikapanda tena. Watu wakisimulia klabu hii hupenda kuishia 2008. Sisi tunapenda zaidi sehemu ya kushuka, kwa sababu ndiyo inaonyesha kwamba hii ni klabu kweli: ilipigwa, ikabaki na jina lake, ikaamka. Kombe la siku moja haliwezi kushuka daraja. Halina pa kushukia.

Sasa tunajua majibu, tumeshayasikia kwenye mikutano.

La kwanza: wale ni raia, nyinyi ni wakimbizi. Haya. Mwaka 1999 MYSA walipeleka mpango wao kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa vijana waliokimbia vita kama sisi. Kwa hiyo kitu hiki kimeshajaribiwa na mkimbizi, chini ya jua kali kuliko la kwetu. Hapa tuna ziwa, tuna upepo, tuna kiwanja. Tusidanganyane.

La pili: hata hao walianzishiwa na mzungu. Kweli, na hatuna haja ya kuficha. Lakini angalieni alichofanya. Vijana wa Mathare wenyewe ndio walikaa kwenye kamati, wakachaguana, wakapanga ratiba, wakaamua nani kafungiwa kwa kumtukana refa. Watoto wa miaka kumi na tano! Hapa mtu ana miaka ishirini na nne, amemaliza sekondari, anatafsiri lugha tatu kwa wageni wa mashirika, na bado haaminiwi kushika pampu ya mpira.

La tatu ndilo linatuuma, kwa sababu iko ukweli ndani yake: hamuwezi kushika pesa. Tulishajaribu. Tulichanga faranga mia mbili kila mtu kila wiki, tukanunua mpira mmoja na filimbi. Wiki ya sita mwenye daftari alihama, daftari likahama naye, na mpaka leo hatujui kulikuwa kumebaki kiasi gani. Tuligombana vibaya, wawili bado hawasalimiani. Hiyo ni aibu yetu, si ya shirika lolote. Lakini mtoto akianguka akijifunza kutembea hamfungi miguu. Kosa letu lilikuwa daftari moja, mtu mmoja, sahihi moja. Mtu anaweza kutufundisha hesabu kwa siku mbili. Gharama yake ni ndogo kuliko lile bango.

Na jibu la nne halitoki kwa mashirika, linatoka nyumbani. Wazee wetu wanasema: klabu ya nini? Kesho tunarudi kwetu. Ukiandikisha klabu hapa umekubali kuwa wa hapa. Tunawaheshimu, baba na mama zetu, wametubeba mgongoni kuvuka. Ila tunaomba mtusikilize kidogo. Argentina, mbali kule Amerika ya Kusini, iko klabu ndogo inaitwa Deportivo Armenio. Waarmenia wa Buenos Aires, watu ambao jamaa zao waliuawa kwa maelfu na maelfu na waliobaki wakatawanyika duniani, waliianzisha mwaka 1962. Jezi wakaitia nyekundu, buluu na rangi ya chungwa, rangi za bendera ya Armenia huru ya zamani, wakati kule kwao bendera hiyo ilikuwa imeshushwa na Wasovieti. Mwaka 1987 walipanda ligi kuu, wakacheza na wale wakubwa wa Argentina, mwaka 1989 wakashuka, na tangu hapo wako madaraja ya chini. Mzee, tuambie: hao walisahau kwao? Wajukuu ambao hawajawahi kuiona Armenia wanaivaa kifuani kila wiki. Sisi hapa, wadogo zetu waliozaliwa huku wanajua majina ya wachezaji wa Real Madrid, na kijiji cha babu hawawezi kukitaja. Nani basi anasahau?

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba mambo machache. Bango mnaweza kuliacha. Mipira ibaki. Mwalimu wa marefa aje siku tatu, afundishe wasichana na wavulana pamoja, kwa sababu dada zetu nao wanataka timu na tumechoka kuwaona wanapewa kazi ya kugawa soda. Na mtu wa HCR au shirika lolote aje kukagua daftari kila mwezi, bila kutuonya, akikuta kasoro aiseme hadharani.

Daftari jipya tumeshanunua. Lina tarehe, jina, kiasi na sahihi mbili, na linalala kwa mama muuza sambaza ambaye hana mtoto kwenye timu yoyote. Pointi za kusafisha ufukwe zina ukurasa wake. Timu nne zimejiandikisha, mbili zina wenyeji ndani. Tunaanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, saa nane kamili. Timu ya tano inatafuta kipa.