Wafanyakazi, Twendeni Tukayaone Maji Yetu

Jina la Mchafukoge halihitaji mkalimani. Kila ajuaye Kiswahili husikia ndani yake maneno mawili: mchafu, na akoge. Wakazi wa kata hii, pamoja na jirani zao wa Kariakoo na Gerezani, wamelizoea mno hata hawalisikii tena. Leo sisi twalirudia kwa makusudi, maana ndani yake mna swali ambalo kila mfanyakazi wa mji huu yampasa kujiuliza. Mchafu akoge, vema. Lakini akoge kwa maji yatokayo wapi?

Mchukuzi aliyeshusha magunia tangu alfajiri, fundi cherehani aliyeinama kutwa, mama lishe aliyevuta moshi wa jiko toka asubuhi hadi jioni, wote hurudi nyumbani na kufungua bomba. Sehemu kubwa ya maji yatokayo humo ni ya Mto Ruvu. Huvutwa Ruvu Juu, kule Mlandizi, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Mitambo ya Ruvu Chini ina uwezo wa kutoa lita milioni 270 kwa siku, na ya Ruvu Juu lita milioni 196. Lakini mto hauzaliwi penye mtambo. Ruvu huzaliwa katika misitu ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hugonga mlima na kushuka mvua, na miti na mizizi na majani makavu huyapokea maji hayo na kuyaachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Katika milima hiyo hiyo, upande wa Mgeta, ndugu zetu wakulima hulima mboga zipandazo malori kuja soko la Kariakoo. Basi Mluguru yumo katika sahani yetu, naye yumo katika ndoo yetu.

Tuliyakumbuka hayo kwa uchungu mwezi wa Oktoba 2022, mvua zilipokosekana, mto ukapungua, na mji mzima ukaingia katika mgao wa maji. Hapo ndipo ndoo ilipopata heshima yake. Mwaka huo huo Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda juu ya mto huo, nasi twaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini bwawa huweka maji, haliyaumbi. Aumbaye maji, baada ya Mwenyezi Mungu, ni msitu. Ukifa msitu, bwawa litabaki kuwa shimo la gharama kubwa.

Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Mfanyakazi wa mjini ataulindaje msitu asioujua? Atachukiaje mkaa wa magendo, ilhali miti iliyokatwa hakupata kuiona imesimama? Kwa hiyo leo twatoa ushauri ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji wetu. Twasema: wafanyakazi, katika siku zenu za mapumziko, pandeni milimani. Nendeni kwa vikundi vidogo, pamoja na mwongoza njia mwenyeji, mtembee msituni kwa miguu hadi kwenye mabwawa ya asili yaliyo chini ya maporomoko, mkoge humo.

Tunajua jibu litakalotolewa barazani. Litasemwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Kwamba mtu mwenye akili hapandi mlima pasipo shamba wala mgonjwa wa kumtazama. Fikira hiyo ina asili yake, wala hatuicheki. Zama za ukoloni msitu wa hifadhi ulikuwa wa serikali ya kigeni. Mwananchi aliuingia kwa kibali au kwa hofu, na aliyeuingia kwa kujiburudisha alikuwa bwana. Lakini zama hizo zimekwisha. Mwezi wa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa kule Arusha tamko lake juu ya wanyama wa porini na makao yao, akakubali kwa niaba ya taifa dhamana ya kuvitunza kwa ajili ya watoto na wajukuu wetu. Watoto hao ndio sisi, na wajukuu hao ndio watoto wetu. Ni ajabu iliyoje kwamba mtu wa Amsterdam aijue njia ya msituni kwetu, na mtu wa Mchafukoge asiijue!

Miongoni mwa njia nyingi, kwa mtu anayeanza sisi twaipendekeza njia ya maporomoko ya Sanje, katika Milima ya Udzungwa. Udzungwa na Uluguru ni ndugu wa tumbo moja. Yote miwili ni ya ule mlolongo wa milima ya kale uitwao Tao la Mashariki. Uluguru hutupa maji. Udzungwa hutusaidia kupata umeme, kwa kuwa mitambo ya Kihansi huendeshwa na maji yake, na mito yake mingine huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na huingiwa kwa miguu. Humo tajiri na maskini hulingana, maana kila mmoja hutembea kwa goti lake.

Safari si ya kutisha. Toka Dar es Salaam hadi Mang'ula, yaliko makao ya hifadhi, ni kiasi cha kilomita 350. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hubeba abiria hadi Morogoro. Na kabla ya kufika huko, atazamaye kushoto ataiona Uluguru imevaa mawingu, akumbuke bomba lake. Kutoka Morogoro hushikwa basi la kupitia Mikumi na Kidatu. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula. Majira mema ni ya kiangazi, baada ya masika kwisha. Kwa bahati njema Saba Saba na Nane Nane zote huangukia katika majira hayo.

Sisi tuliipanda njia hiyo. Hapo mwanzo mti ni mti tu. Baada ya nusu saa jasho limekwisha kuchuruzika, jua halionekani ila vipande vipande, na mtu wa mjini anatambua kwamba kwa miaka mingi hakusikia kimya. Mwongoza njia wetu alitusimamisha mara tatu: mara ya kwanza atuonyeshe mbega wekundu juu ya matawi, mara ya pili atwambie tusishike mti fulani wenye miiba, na mara ya tatu ili mmoja wetu mwenye kiburi cha viatu vya mjini apumzike pasipo kuaibika. Kisha ikasikika ngurumo, nayo haikuwa gari. Maji ya Sanje huanguka kwa ngazi tatu, jumla yake mita 170 na zaidi, na baina ya ngazi hizo yamechimba mabwawa katika mwamba. Tuliingia humo. Maji ni baridi hata pumzi hukatika, kisha hurudi ikiwa mpya. Na ukigeuza uso unaliona bonde la Kilombero lote chini yako, pamoja na mashamba ya miwa, ambamo hutoka sukari inayotiwa katika chai yetu ya Kariakoo. Hapo hahitajiki mhadhiri wa kueleza uhusiano wa jembe na nyundo.

Tumesema vikundi vidogo, wala hatukusema hivyo kwa kupamba maneno. Njia ni nyembamba na miamba huteleza. Watu sita au wanane huonekana wote kwa jicho la kiongozi mmoja. Watu hamsini hawaonekani, nao watapanua njia kwa miguu yao mpaka mvua ijayo iifanye korongo. Bwawa nalo ni dogo. Umati ukiingia, kinachobaki si maji bali tope.

Tumesema pia mwongoza njia mwenyeji. Wako wanaodhani kwamba fedha ya mwongozaji ni fedha ya bure. Na wasikie habari hii. Mwaka 1979 wataalamu walisikia katika msitu wa Sanje mlio wa mnyama ambaye sayansi haikujua kwamba yumo humo. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa. Alilitaja jina lake la kienyeji papo hapo. Kumbe alikuwa ni aina ya nyani aliyekuwa hajaandikwa katika kitabu chochote, ambaye leo dunia nzima humwita mangabey wa Sanje. Dunia ilimwona mpya. Wanakijiji walimjua tangu zamani. Elimu ya namna hiyo haipatikani bure, na aliye nayo alipwe kama fundi mwingine yeyote. Mfanyakazi anayedai ujira wa haki mjini asiende kupunja ujira wa mwenzake mlimani.

Kuna na adabu ya maji. Sabuni ibaki nyumbani. Vijiji vilivyo chini ya mlima hutumia maji yashukayo msituni, na povu lako litafika katika mtungi wa mtu. Kila ulichopanda nacho, ushuke nacho. Asiyejua kuogelea, nao ni wengi kati yetu ingawa twaishi kando ya bahari, aketi kwenye kina kifupi pasipo haya. Wala mtu asiruke toka juu ya mwamba kwa kutaka sifa. Na mwongozaji akisema mto umejaa, turudi, basi warudi wote. Mto haujui kadi ya chama wala cheo cha ofisini.

Lakini jambo zito kuliko yote ni hili. Msitu huu unalindwa kwa gharama, na mwenye kulipa sehemu kubwa ya gharama hiyo si sisi. Wakazi wa vijiji vya pembeni mwa Udzungwa waliruhusiwa kwa miaka mingi kuingia siku moja kwa juma kuokota kuni. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Ilikoma kwa sababu ya kuulinda msitu, nasi hatubishani na lengo hilo. Lakini mama aliyekosa kuni hakuulizwa kama atapata gesi. Yeye amejinyima ili sisi tupate umeme na mvua. Je, tumemrudishia nini?

Historia ya Chama chetu yatufundisha jambo hapa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wananchi wa Uluguru kuchimba matuta ili kuihifadhi milima. Huenda nia yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko, lakini ilikuja kwa amri na faini, na mwaka 1955 wananchi walisimama wakakataa. TANU, iliyokuwa imezaliwa mwaka mmoja kabla, tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa uitwao leo Lumumba, iliusikia ujumbe huo wazi: mlima haulindwi kwa kiboko. Mlima hulindwa na watu wanaoona faida yake kwa macho na kuishika kwa mikono.

Kwa hiyo mfanyakazi apandaye Sanje asipite kijijini kama upepo. Alale kijijini, ale kwa mama lishe wa kijiji, anunue ndizi zake huko huko, amlipe mwongozaji wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shilingi elfu chache za kila mgeni wa mjini, zikija mwaka mzima, zaweza kumnunulia mama yule mtungi wa gesi, na kumpa kijana wake kazi iliyo bora kuliko kukata mti usiku.

Yabaki masuala ya fedha, nasi hatutaki kujifanya hatuyaoni. Ada ya kuingia hifadhini ni ndogo kwa mwananchi kuliko kwa mgeni. Lakini nauli, malazi na chakula ni mzigo kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka; mchukuzi na machinga hawana hata moja. Hapa twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, vyama vya wafanyakazi na matawi ya Chama yaanzishe mifuko ya safari, kama vile wauzaji wa Kariakoo wachezavyo upatu, watu wanane wanane, kila kikundi na zamu yake. Pili, wenye dhamana ya hifadhi wazidi kuishusha ada ya mwananchi, hasa kwa vikundi vya wafanyakazi na vya shule. Tatu, kila mwaka vijiji vya pembeni visomewe hadharani, katika mkutano wa kijiji, mapato ya utalii na sehemu iliyowafikia wao. Msitu wenye hesabu zilizofichwa hauna walinzi.

Hatusemi kwamba safari moja ya Sanje itaondoa mgao wa maji. Twasema kwamba mtu aliyekwisha kuingia katika maji yale, akatetemeka, akacheka pamoja na wenzake, akashuka na kula ugali katika kijiji kinachoyalinda, hatafungua tena bomba lake la Mchafukoge kama kipofu. Siku itakapopigwa kura juu ya msitu au mkaa, atajua apige vipi.

Mchafu akoge. Lakini kabla ya kukoga, ajue anakoga kwa jasho la nani.