Utambulisho wa Mteja Benki na Hifadhi ya Siri Zake

Wapo Waislamu wanaoona kuwa benki, inapowataka kitambulisho, alama za vidole na picha ya uso, inawadhania uovu. Sisi hatuoni hivyo. Benki za Tanzania zinawajibika kumjua mteja wao kwa mujibu wa sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya mwaka 2006. Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Jabir bin Abdillah (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya deni la baba yake, akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, alijibu kuwa ni yeye, asitaje jina. Mtume (s.a.w.) akalikariri jibu hilo kana kwamba limemchukiza. Kujitambulisha, basi, ni katika adabu, na penye mali ni wajibu zaidi.

Ama kiasi cha kuuliza, hapo ndipo penye neno. Mafakihi wa Kishafii wameruhusu uso wa mwanamke utazamwe kwa ajili ya muamala na ushahidi, lakini kwa kadiri ya haja tu. Dada yetu mwenye nikabu akitakiwa aufunue uso ili ulinganishwe na picha, haja hiyo hutimizwa na mhudumu wa kike, chumbani, kwa dakika moja. Kumfunua dirishani mbele ya foleni kumezidi haja. Vivyo hivyo kumsomea mzee salio lake kwa sauti hata aliye nyuma yake akalisikia.

Hatari kubwa zaidi imo katika simu. Mteja huulizwa tarehe ya kuzaliwa ili ithibitike kuwa ndiye. Lakini namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kila aliyebakiwa na kopi ya kitambulisho chako (na kopi hizo tunaziacha steshenari bila ya hisabu) analo jibu. Na huyo anayepiga akijiita ofisa wa benki, je, yeye amejitambulisha kwa lipi? Hajazidisha kitu juu ya jibu lile la mlangoni. Tumkatie simu, kisha tuipigie benki wenyewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Wazee wetu hasa waambiwe hivyo, kwani wao huona ni utovu wa adabu kumkatia mtu maneno.

Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aeleze madhumuni yake. Ukitakiwa kujaza jina la mke au idadi ya watoto, una haki ya kuuliza ni ya nini. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nasi tungependa kuwaona maimamu wakiwasaidia wasioweza kuiandika barua hiyo.