UCHAMBUZI: Historia ya michezo ya video isiachwe iishie jaani

MNAMO Agosti 2021, nakala moja ya mchezo wa video wa Super Mario Bros., iliyokuwa bado imefungwa katika pakiti yake ya mwaka 1985, ilinunuliwa nchini Marekani kwa dola milioni mbili.

Mjini Nakuru, kaseti zenye mchezo uo huo hutupwa pamoja na nyaya mbovu na sufuria zilizotoboka.

Tofauti hiyo ina sababu. Wakusanyaji wa ng'ambo hulipia kitu ambacho hakijaguswa, ilhali mashine zetu ziliguswa na mikono ya watoto wa mtaa mzima hadi maandishi ya vitufe yakafutika. Kwa hivyo, anayedhani kwamba soko litakuja kuziokoa anajidanganya.

Swali ni je, zina thamani gani kwetu sisi ambao hatutawahi kuziuza kwa mamilioni?

Waliokulia katika mitaa kama Kaptembwa, Langa Langa na Free Area, au katika miji ya Gilgil, Njoro na Molo, kati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanalo jibu. Wengi wao hawakuwahi kuiona mashine halisi ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983. Waliyoijua ni mifano yake ya bei nafuu kutoka bara Asia, iliyoitwa tu 'TV game', na kaseti zilizojigamba kuwa na maelfu ya michezo ilhali ni ile ile michache iliyorudiwa kwa majina tofauti.

Mashine hiyo iliunganishwa na runinga kupitia tundu la antena, kisha stesheni ikasakwa polepole hadi picha ikatulia. Palipokosekana umeme, runinga ndogo iliwashwa kwa betri ya gari.

Baadaye ikaja PlayStation na, kuanzia mwaka 2000, PlayStation 2, mashine iliyouzwa kuliko nyingine zote duniani. Vyumba vya mabati vikageuzwa kumbi za michezo. Mtoto alilipa sarafu chache, akacheza zamu yake, na aliyeshindwa akampisha mwenzake.

Ikumbukwe kwamba kumbi hizo hazikupendwa na wazazi wala walimu. Zilionekana kuwa maficho ya watoro, na lawama hizo hazikuwa za bure, kwa kuwa wapo waliocheza karo ikaisha. Mashine za kamari zilipoenea mitaani katika miaka ya 2010 na serikali ikaanza misako, watu wengi hawakutofautisha tena ukumbi wa mchezo na pango la kamari.

Hata hivyo, huo ni upande mmoja wa shilingi. Katika vyumba hivyo, watoto wa makabila mbalimbali walikaa benchi moja katika mji ambao siasa za uchaguzi ziliwahi kuwagawanya wazazi wao kwa umwagaji damu. Aidha, humo ndimo baadhi ya vijana walimoshika kisukuli kwa mara ya kwanza, wakafungua mashine iliyogoma na kuirekebisha.

Ni dhahiri shahiri kwamba kumbukumbu hizi zinatoweka, na zinatoweka kwa sababu zinazoeleweka.

Kwanza, vifaa vyenyewe vinategemeana. Kenya ilipohamia utangazaji wa dijitali mwaka 2015, na runinga bapa zikazidi kushuka bei, runinga nene za kioo zilianza kuondolewa majumbani. Pamoja nazo ikafa bunduki ya plastiki ya mchezo wa kuwinda bata. Bunduki hiyo hupokea mwanga wa kioo kwa wakati maalumu, nazo runinga bapa huchelewa kuutoa. Anayeihifadhi leo bila runinga ya zamani amehifadhi ganda tu.

Pili, vifaa hivyo huzeeka. Betri ndogo iliyo ndani ya baadhi ya kaseti hufa, na alama alizoweka mchezaji hufa nayo. Sahani za PlayStation huchubuka. Mnamo 2023, shirika la Video Game History Foundation lilitangaza matokeo ya utafiti kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haikuwa ikipatikana tena sokoni. Ikiwa hali ni hiyo kwa wenye mali, sembuse sisi?

Tatu, hatuvihesabu kuwa historia. Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka 2003 na ambayo Wakenya waliibandika jina la 'mulika mwizi' kwa ajili ya tochi yake, ilibeba mchezo wa nyoka anayerefuka kila anapokula. Huenda huo ndio mchezo wa kielektroniki uliochezwa na Wakenya wengi zaidi, wakiwemo akina nyanya ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wowote. Lakini ni nani ameiweka simu hiyo kama kumbukumbu?

Hata kazi za mikono yetu zimo hatarini. Mwaka 2007, Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, mmoja wa michezo ya kwanza barani Afrika yenye picha za pande tatu. Mhusika wake mkuu ni msichana anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Itakuwa kejeli kubwa iwapo mchezo huo nao utahitaji kusakwa na wajukuu zetu.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kwa kipimo hicho, mashine ya mwaka 1995 ni takataka tu, na mahali pake ni jaa la Gioto, ambako wachakuraji huvunja vifaa ili kupata shaba. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Hapa ndipo Nakuru ilipo na funzo ambalo miji mingine haina. Kilomita chache kutoka katikati ya jiji, katika eneo la Hyrax Hill ambalo Mary Leakey alilichimbua kuanzia mwaka 1937, yapo mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Mgeni huyatazama na kustaajabu. Lakini walioyachonga walicheza kwa kanuni zipi? Aliyeshinda alipata nini? Mwamba hausemi. Tunakisia tu kwa kutazama michezo ya jamii zilizopo, kama vile giuthi ya Wakikuyu na enkeshui ya Wamaasai.

Kifaa kimebaki, wachezaji wameondoka na maelezo yao.

Kwa michezo ya video, hali yetu leo ni kinyume cha hiyo. Vifaa vinakwisha, lakini wachezaji wapo hai. Wengi wao wana miaka thelathini na arobaini, ni walimu, madereva na wauzaji wa mboga, na wanakumbuka kila kitu: zamu ilivyogawanywa, misimbo waliyoandika nyuma ya madaftari, majina waliyowapa maadui wa mchezo, na adhabu iliyowangoja nyumbani.

Kwa hivyo, kinachohitajika kwanza ni daftari na kinasa sauti. Makavazi ya Hyrax Hill, kwa ushirikiano na kaunti na vyuo vya eneo hili, yanaweza kuanza na kabati moja la kioo, mashine chache zinazofanya kazi, runinga moja nene, na masimulizi ya wale waliozicheza na mafundi waliozitengeneza. Mashine hizo ziwekwe kando ya bao, ili mtoto aone kwamba hamu ya kucheza ni ile ile.

Wapo watakaouliza kwa nini jiji lenye uhaba wa maji na barabara mbovu lijishughulishe na vitu vya kuchezea. Hoja yao ina uzito, na hakuna anayedai fedha za hospitali zielekezwe huko. Lakini gharama hapa ni ndogo mno, na kinachopotea hakinunuliki baadaye kwa bei yoyote.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wachongaji wa Hyrax Hill hawakuwa na daftari. Sisi tunalo, na hatutakuwa na la kujitetea.