Kabla Hujamtaja Wifi, Pima Maji



Leo tuna ugomvi, na hatuufichi. Ugomvi wetu ni na yale maneno mawili yanayotoka vinywani mwetu kila samaki wa ukumbini anapokufa katika nyumba ya bi harusi: "Kabeba jicho."

Mara hii yametufikia kutoka Itigi, mkoani Singida. Binti yetu wa Unguja kaolewa huko, kwenye mji wa Reli ya Kati, kiasi cha kilomita 500 kutoka baharini. Miongoni mwa vyombo alivyopelekwa navyo ni tangi la kioo na samaki watatu wa maji ya chumvi, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe ambao dunia nzima iliwajua kwa filamu ya Finding Nemo, 2003. Wiki ya pili mmoja akatokwa na vidoa vyeupe, anahema mbio. Wiki ya tatu kafa. Siku hiyohiyo simu ikapigwa Unguja: wifi alikuja, alisimama mbele ya tangi, alisifu, na hakusema mashaallah.

Basi, wifi kahukumiwa.

Hatukatai jicho, tumelisoma chuoni kama mlivyolisoma nyinyi. Lakini aya ya 12 ya Suratul Hujurat nayo tumeisoma, na inatukataza dhana nyingi. Mbona hii tunaipita mbio? Na mbona katika simu zote zile hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza maji yalikuwaje?

Hebu tuyaulize sisi. Samaki anapumua na kutoa amonia ndani ya maji yaleyale anayoyaishi. Baharini amonia hiyo inapotea. Ndani ya tangi inasubiri bakteria wazuri waigeuze kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, na bakteria hao huchukua kiasi cha wiki nne hadi sita kujijenga kwenye mchanga na chujio. Tangi la bi harusi lilijazwa Ijumaa, samaki wakatiwa Ijumaa. Kipimo cha amonia kinatakiwa kisome sifuri. Kisiposoma sifuri, samaki anaungua matamvua, anapanda juu kutafuta hewa, na ngozi yake inakuwa mlango wazi kwa kila ugonjwa. Shangazi mmoja akashauri afungue kapsuli za antibayotiki amwagie humo. Antibayotiki inaweza kuua hao bakteria wazuri wachache waliokwisha kuingia. Dawa ya amonia ni kubadilisha maji.

Halafu hali ya hewa ya Itigi. Kule ni pakavu. Maji yanapaa kutoka kwenye tangi, chumvi inabaki. Anayejazia kwa maji mengine ya chumvi anazidisha chumvi kila siku. Kinachojaziwa ni maji baridi yasiyo na klorini. Bahari yetu ina kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita, na haidromita inatakiwa isome karibu 1.025. Chumvi ya jikoni haifai, maana bahari si chumvi hiyo peke yake. Na aliyempa wazo la kuchota maji ya Ziwa Singidani, kwa kuwa nayo yana chumvi, alikuwa anampeleka samaki kaburini kwa heshima zote.

Sasa vidoa, na hapa ndipo jicho linapopata mashahidi wake. Vile vidoa kama punje za chumvi, mara nyingi, ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Hukaa mwilini mwa samaki siku tatu hadi saba, kisha huanguka, hujifunga kama yai kwenye mchanga, na kila kimoja huweza kutoa watoto mamia. Kwa hiyo vidoa hupotea. Nyumba nzima inashukuru, aliyesoma anasifiwa. Baada ya wiki moja au mbili vinarudi mara kumi, na sasa watu wanasema hasidi kaja tena. Hasidi yuko mchangani! Kimelea hakizaliwi na neno la wifi. Huingia na samaki, na maji, au na jiwe kutoka tangi lenye ugonjwa. Muuzaji aliyewafungia samaki kwenye mfuko bila kuwaweka karantini hata wiki moja hajatajwa na mtu.

Na si kila cheupe ni hicho. Ukiona vumbi laini kama unga, samaki anahema sana, anakataa kula, huyo huenda ana Amyloodinium, na siku chache zinatosha kummaliza. Kinyama kama koliflawa kwenye pezi ni virusi. Kiache, mara nyingi hupona wenyewe maji yakiwa safi. Magonjwa matatu, hukumu tatu. Anayetibu bila kutofautisha anabahatisha juu ya roho iliyofungiwa, na kisa cha yule mwanamke na paka wake sote tunakijua.

Kwa vidoa, tiba ipo. Samaki wahamishiwe tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe. Humo itiwe dawa ya shaba ya samaki, ipimwe kila siku ibaki miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, wiki tatu au zaidi. Usinunue mrututu dukani ukakisia kwa kijiko. Kidogo haukiui kimelea, kingi kinamuua samaki. Asiyeipata dawa anaweza kushusha chumvi polepole hadi gramu 15 au 16 kwa lita kwa muda kama huo, ingawa njia hii haimsaidii mwenye ugonjwa wa vumbi. Tangi kubwa libaki bila samaki miezi miwili na nusu, kwa sababu mayai yale yameonekana kudumu mpaka siku 72.

Mnaona kazi yake? Tunampelekea mwari mzigo huu mahala ambapo daktari wa mifugo anaijua ng'ombe na mbuzi, kisha tunauita tunu. Mama zetu, masomo, mnaofunga vyombo: samaki wa matumbawe asipelekwe bara na bi harusi ambaye hajui hata kusoma haidromita. Mpeni mkeka, mpeni udi. Akipenda samaki, mtafutieni wa maji baridi, na tangi liwashwe wiki sita kabla.

Bibi wa Itigi, umebakiwa na samaki wawili. Leo pima amonia na chumvi, badili robo ya maji, ndoo ya pembeni iandaliwe. Na simu ya pili ipigwe usiku huu, safari hii kwa wifi.